Kifo Kimoja, Mitindo Mitatu: Hisia na Umbo katika Ushairi wa Kiswahili

Mwalimu anayefundisha ushairi Kasese au Bwera hukutana na swali ambalo vitabu vya kiada havilijibu vizuri. Mwanafunzi ameshahesabu mizani, amepigia mstari vina vya kati na vya mwisho, ametaja kwamba shairi ni tarbia kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne. Kisha anauliza, "Kwa hiyo?" Mara nyingi hapo ndipo kipindi huisha. Tumemfundisha fani upande mmoja wa ubao na maudhui upande wa pili, wala hatujamwonyesha mlango unaounganisha vyumba hivyo viwili.

Makala haya yanadai kwamba katika ushairi ulio bora umbo ndilo linalobeba hisia. Ili kuonyesha hivyo, tutalinganisha mashairi matatu ambayo yote yanatazama kifo: "Amina" la Shaaban Robert, "Siwati" la Abdilatif Abdalla na "Kisu Mkononi" la Euphrase Kezilahabi. Tutafuata kipengele kimoja tu, yaani marudio: ni nini kinachorudi katika shairi, kinarudi mahali gani, na kisiporudi tunahisi nini.

Tuanze na Shaaban Robert (1909–1962). "Amina" ni shairi la maombolezo ya mke. Nafsineni anamwambia marehemu maneno yake moja kwa moja, kama vile angali anasikia. Umbo ni la kimapokeo: tarbia, mizani kumi na sita katika kila mshororo, vipande viwili vyenye urari. Tamathali yake kuu ni ya ua lililochanua kisha likafumba. Lakini kinacholiza katika shairi hili si ua. Ni kibwagizo. Kila ubeti unapofika mwisho, mshairi anarudi kwenye kauli ile ile kwamba kifungo cha mapenzi yao hakuna awezaye kukifungua. Ubeti unaweza kuanza na ugonjwa, dua au upweke, lakini utaishia hapo. Ndivyo mfiwa anavyoishi: mawazo yake hutembea huku na huku na jioni hurudi nyumbani kule kule. Zaidi ya hayo, kibwagizo kinatekeleza kile kinachokisema. Kauli inayosema kifungo hakifunguki, nayo haifunguki. Utulivu wa shairi ni wa mtu aliyeshika kitu kimoja asizame, na huzuni yake tunaisikia katika kushika huko.

Tumgeukie Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" uliomtia hatiani, akafungwa miaka mitatu kuanzia 1969. Mashairi aliyoyatunga gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, yalichapishwa mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Humo mna "Siwati", neno la Kimvita lenye maana ya siachi. Hapa pia mna vina, pana mizani, na kaburi linatajwa. Hapa pia mna kifungo kisichokatwa na mauti, ila hiki ni cha mtu na imani yake. Kwa mwanafunzi anayehesabu tu, mashairi haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mbona basi la kwanza linatuliza na la pili linachoma?

Jibu lipo katika mahali pa marudio. Shaaban Robert anarudia mwishoni mwa ubeti. Abdilatif anarudia mwanzoni mwa mshororo. Katika ubeti wa ufunguzi, mshororo baada ya mshororo unafunguliwa na neno hilo moja, mpaka tunafika kaburini. Rudio la mwishoni ni pumziko, tunalifikia. Rudio la mwanzoni ni pigo. Tunaanza nalo, na kabla hatujapumua tunaanza tena. Ni sauti ya mtu anayehojiwa, na kila swali analijibu kwa jibu lile lile. Na tazama kwamba sheria za vina na mizani, ambazo wengine huziita pingu, hapa ziko mikononi mwa mfungwa wa kweli. Serikali ilimchagulia kuta, lakini mipaka ya beti aliichagua mwenyewe. Urari wake ni sehemu ya ukaidi wake.

Sasa Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe. Diwani yake ya Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, iliwasha moto katika mjadala wa ushairi huru. Wanamapokeo walisema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi. Tulisome "Kisu Mkononi" tukiwa na hoja hiyo masikioni. Nafsineni anaona miaka ikimponyoka na maisha yakimpeleka kama gurudumu kwenye mteremko mkali, wala hawezi kusimama. Hakuna kibwagizo cha kumpokea, hakuna neno la kuanza nalo upya. Sentensi haikomei mwishoni mwa mshororo. Inavuka na kuangukia mshororo unaofuata, na kitenzi cha kukiri kutoweza tunakikuta huko chini, baada ya kuporomoka. Mtoto wa Nyakalengija, aliyewaona wapagazi wakishuka na mizigo kutoka Rwenzori, haihitaji kufafanuliwa hali hiyo: goti linataka kusimama, mlima unasukuma.

Je, vina vingesaidia hapa? Naona vingedanganya. Kina ni ahadi kwamba sauti iliyotoka itarudi. Msemaji huyu haamini kwamba kuna kinachorudi. Kumpa vina ni kumpa faraja ambayo shairi zima linasema hana. Kwa hiyo ukosefu wa urari katika utungo huu ni mtindo wenye kazi yake. Hata hivyo, hoja hii isichukuliwe kuwa kibali cha uvivu. Wapo wengi walioacha vina bila kuweka chochote mahali pake, wakakata nathari vipande vipande wakaiita shairi. Kipimo ni kile kile kwa pande zote mbili: je, umbo linafanya kazi ambayo hisia inaihitaji?

Mambo haya yanatuhusu kwa namna ya pekee sisi tulio magharibi mwa Uganda. Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wanafunzi wetu wanakuja darasani na Lhukonzo cha nyumbani na Kiswahili cha soko la Mpondwe, chenye lafudhi ya Kongo. Wanakuja pia na misiba yao: mafuriko ya Mto Nyamwamba ya Mei 2020, mauaji ya wanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Lhubiriha ya Juni 2023. Mwanafunzi wa namna hiyo akileta beti za maombolezo, nasi tukampa alama kwa kuhesabu mizani peke yake, tumemjibu nini?

Kwanza, tusimlazimishe kulia kwa minazi na mashua ikiwa hajaiona bahari. Ua la Shaaban Robert linaota popote, na mteremko wa Kezilahabi uko nyuma ya darasa. Pili, tusiharakishe kufuta msamiati wake wa mpakani kwa kalamu nyekundu. Abdilatif hakuandika "siachi". Aliandika neno la kwao, na uzito wa shairi uko humo. Kiswahili sanifu lazima akijue, maana mtihani unakidai na wasomaji wa mbali wanakihitaji, lakini ajue pia kwamba katika ushairi lahaja inaweza kuwa uamuzi na si kosa.

Tatu, tumuulize swali moja kabla ya kuhesabu chochote: katika huzuni yako, kuna kitu kinachorudi? Kama kipo na kinakupa pumziko, kiweke mwishoni mwa ubeti. Kama ni neno usilokubali kunyang'anywa, anza nalo. Na kama hakuna kinachorudi, usijilazimishe kuweka kina. Hapo ndipo hesabu ya mizani itakapokuwa na maana, na mwanafunzi aliyeuliza "Kwa hiyo?" atakuwa amepata jibu lake.