Rosa Mistika Mjini Rumonge: Msiba Usio na Kuganduka

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, ikazuiwa kwa muda katika shule za Tanzania, kisha ikaruhusiwa. Wengi wetu tuliisoma kwa ajili ya mtihani: taja dhamira, eleza sifa za wahusika, jadili malezi. Majibu yanajulikana. Zakaria ni mlevi, anampiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya Charles. Binti anakua akiwaogopa wanaume, na anapopata uhuru chuoni anapotea. Jibu hilo ni sahihi, na mwanafunzi atapata alama zake. Lakini ni usomaji unaoishia mlangoni mwa nyumba ile.

Nilialikwa Rumonge kwenye mduara wa usomaji wa walimu wa sekondari, wahitimu wetu wawili na wakazi kadhaa. Kiswahili cha mwambao ule hakikuletwa na silabasi. Kililetwa na biashara ya ziwa, na wavuvi, na safari za Kigoma na Uvira. Baadaye kikaongezewa nguvu na waliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wasomaji hao hawakuhitaji kufafanuliwa maisha ya Namagondo kule Ukerewe. Ziwa ni jingine, lakini mitumbwi na umbea wa kijijini wanavijua.

Kwa muda mrefu tulibishana nani aliyemuua Rosa: baba yake, Charles aliyeuvunja uchumba kwa kuwa hakumkuta bikira, au Rosa mwenyewe aliyejitoa uhai. Ulikuwa ubishi wa darasani. Ndipo mama mmoja muuza mawese, aliyejifunza kusoma akiwa Ulyankulu, akauliza: "Walimu, hawa watu waliganduka lini?"

Kwa msomaji asiyejua Kirundi, kuganduka ni sherehe ya kumaliza msiba. Huja baada ya ile ya kwanza, guca ku mazi, pengine baada ya miezi mingi. Ukoo hukusanyika, hula na kunywa, na mambo ya marehemu huwekwa sawa ili walio hai warudi katika maisha yao.

Swali hilo ndilo ufunguo wa sehemu ya mwisho ya riwaya, ile inayowasumbua wahakiki. Kezilahabi haketi matangani. Anaruka kutoka kifo hadi mbele ya Mungu, na huko Rosa na Zakaria wanahukumiwa. Wapo wanaoiona mahakama hiyo kama kiraka kilichoshonwa juu ya kazi ya uhalisia. Mimi naiona kuwa ni kuganduka kulikokosekana duniani. Katika maisha yao yote, watu wa nyumba ile hawakuwahi kuketi wakaambiana ukweli. Rosa anaficha yaliyompata chuoni, pamoja na mimba aliyoitoa. Regina analima, anapigwa, ananyamaza. Zakaria anajificha ndani ya pombe. Siri kubwa ya familia hii si mimba, maana habari za Rosa zilikuwa zikitembea. Siri ni neno ambalo baba hakulisema: nilikuumiza. Mwandishi alilazimika kuwapeleka mbinguni ili lizungumzwe.

Hapo pia ndipo penye udhaifu wa kazi. Mahakama ile inawashughulikia waliokufa; wadogo zake Rosa, waliobaki na msiba, wanaachwa nyuma upesi mno. Msomaji angependa kujua walilala vipi usiku ule.

Mama yule hakuuliza kwa udadisi wa fasihi. Mauaji ya mwaka 1972 yalianzia mwambao huu huu, Rumonge na Nyanza-Lac, tarehe 29 Aprili. Waasi waliua Watutsi. Kisha serikali ikaua Wahutu kwa maelfu mengi nchini kote. Familia nyingi za waliouawa na serikali hazikupewa maiti wala hazikuthubutu kulia hadharani, kwa sababu marehemu waliitwa abamenja, yaani wasaliti. Watoto walikua wakiambiwa kwamba baba alisafiri. Wengine walirudi kutoka Tanzania wakakuta mashamba yao yana wenyewe wengine. Msomaji wa namna hiyo anapofika ukurasa ambao watu wanazikwa bila mazungumzo, hasomi habari za Ukerewe pekee.

Sisemi tuigeuze riwaya kuwa historia ya Burundi. Kezilahabi hakuandika hivyo. Nasema tunapoifundisha tuongeze swali moja katika orodha yetu: katika kazi hii, nani anajua nini, na kwa nini hasemi? Nimelijaribu na wanafunzi wa mwaka wa pili. Insha zilikuja fupi kuliko kawaida, lakini kwa mara ya kwanza hazikufanana.

Mduara wa Rumonge sasa unasoma Siku Njema ya Ken Walibora (1996), habari za kijana anayemtafuta baba yake. Nakala zipo tatu, na moja haina jalada. Mwenye nakala ya ziada aiache ofisini kwa katibu wa Idara.