Kigoda Hufuata Kivuli

Mwanzoni mwa Oktoba, yapata saa kumi na mbili na robo jioni, ukuta wa udongo unaotazama kusini pale Unyambwa huota vidole. Nasema hivyo kwa kuwa sijapata neno lililo bora. Mchana kutwa ulikuwa ukuta tu, wa kahawia, bapa, wa kupita bila kuutupia jicho. Kisha jua hushuka magharibi, mwanga huulalia ukuta ubavuni kutoka pembe hadi pembe, na kila mfereji ulioachwa na mkono wa mkandikaji hupata kivuli chake. Vidole vinne, tena vinne, tena vinne. Vimevutwa kwa mkunjo, kama upinde, kwa sababu kiwiko cha aliyekandika hakikuhama mahali pake. Karibu na mlango, usawa wa goti, viko vidole vidogo: mtoto alisaidia, au alikuwa anacheza. Robo saa tu, jua linazama, na ukuta unarudi kuwa ukuta.

Ukuta huo ulikuwa haujaguswa na jua la machweo tangu Machi. Miezi yote ya katikati jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, na upande wa kusini wa nyumba hubaki umenuna. Sikujifunza haya kitabuni. Niliyajua kwa kwenda Agosti na kamera, nikakaa hadi giza, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida, lakini neno manispaa lisikudanganye. Ni manispaa yenye mashamba ya alizeti, mazizi, na mawe makubwa yaliyobebana kama mizigo iliyosahauliwa na wapagazi. Mvua huku huja msimu mmoja, hubisha hodi Novemba au Desemba na kuaga Aprili. Jangwa si jangwa. Lakini ukifika Septemba hutakuwa na hamu ya kubishana juu ya neno hilo. Nchi imekauka hadi imebaki na rangi tatu: kahawia ya udongo, kijivu cha mawe, buluu ya anga. Ya nne huletwa na dumu la maji, lile la njano la lita 20, linalotembea barabarani juu ya kichwa au likiwa limefungwa kwenye baiskeli. Mpiga picha anayelalamika kwamba nchi kame haina rangi hajawahi kusubiri dumu lipite mbele ya ukuta.

Wageni wenye kamera wakija Singida huenda kwenye maziwa, Singidani na Kindai, kuwapiga picha heroe na mawe ya ufukweni. Siwalaumu, heroe wanapendeza. Ila heroe hawahitaji mtu wa kuwasifu.

Picha yangu ya kwanza ya mtu pale Unyambwa ilikuwa aibu. Nilimkuta bibi mmoja amesimama uwanjani, saa saba mchana, kanga kichwani, ungo mkononi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Nikaomba, akakubali, nikabonyeza mara tano, nikashukuru. Wiki iliyofuata nikasafisha picha mjini na kumpelekea. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi? Mbona umenipiga usiku?"

Alikuwa na haki. Jua la utosini lilikuwa limeifanya kanga kuwa paa, na chini ya paa hilo uso wote ulikuwa shimo jeusi. Nyuma yake uwanja uling'aa kama bati jipya. Nikaanza kujieleza, habari za kiasi cha mwanga na mengineyo. Hakunisikiliza. "Ungekuja nimekaa," akasema. "Ukinikuta nimesimama juani ujue nina haraka. Mtu mwenye haraka hapigwi picha."

Siku hiyo ndiyo nilipoanza kukiangalia kigoda chake.

Kigoda kile hakina mahali pake. Asubuhi kiko upande wa magharibi wa nyumba, alasiri kiko mashariki. Mwezi wa saba, adhuhuri, utakikuta kwenye ukuta wa kusini, ambako jua la kaskazini huacha kivuli cha kama hatua moja, kiasi hasa cha kigoda na miguu iliyonyooshwa. Desemba huhamia ukuta wa kaskazini, mvua ikiruhusu. Mwanzoni mwa Oktoba na mapema Machi, kati ya saa sita na nusu na saa saba, jua hupita utosini kabisa, kila kitu hukalia kivuli chake chenyewe, na kigoda kikikosa pa kwenda huingizwa ndani. Mtu mzima aliyeishi katika nyumba moja kwa miaka arobaini ana ratiba ya jua makalioni mwake, na naomba radhi kwa neno hilo, lakini ndiko iliko.

Basi nikaacha kutafuta mwanga, nikawa natafuta waliko waliokaa. Wanaochambua mboga za mlenda, wanaosuka nywele, mzee anayetengeneza mpini wa jembe, wote wamekwisha kuchagua mahali ambapo macho hayaumii, na mahali ambapo macho hayaumii ndipo kamera inapoona vizuri. Halafu kuna siri nyingine. Uso ulio kivulini hauko gizani; unapata mwanga unaopanda kutoka chini, kutoka kwenye uwanja uliopigwa na jua. Uwanja wenye majani na takataka hurudisha mwanga kidogo na wa mabakamabaka. Uliofagiwa alfajiri hadi mistari ya fagio ikaonekana hurudisha mwanga mwingi, laini, wenye wekundu wa udongo, ukaingia chini ya ukope na chini ya kidevu. Wenye studio mjini hununua vitambaa vyeupe na karatasi za fedha kwa kazi hiyo. Bibi ana fagio tu, na anafanya kazi hiyo kabla jogoo hajanyamaza.

Niseme kidogo juu ya nyumba yenyewe, kwa maana ndiyo iliyonifanya mpiga picha. Ni tembe: nguzo za mti mgumu usioliwa na mchwa, zenye panda juu, juu ya panda zimelala boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito majani, na juu ya yote udongo uliopigwapigwa hadi ukashikana. Kuta ni miti iliyosimikwa na kukandikwa. Paa ni tambarare, la kuanikia. Ukisimama mbali kidogo wakati wa kiangazi huioni. Unaona tu kwamba ardhi imejiinua kidogo na kufungua mlango. Ni vigumu kuipiga picha kwa sababu hiyo hiyo. Haina mnara wala nguzo za kujionyesha, imejilaza. Nimejifunza kuipiga nikiwa nimepiga magoti, lenzi usawa wa kizingiti, mpaka paa lipate kuigusa anga.

Kule Djenné, nchini Mali, msikiti mkubwa wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 hukandikwa na mji mzima kwa sherehe, na wapiga picha wametoka pande zote za dunia kuja kutazama. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sidhani kama umebaki mlango wake mmoja ambao haujapigwa picha mara elfu. Tembe ninayoijua mimi iliyotunzwa kama makumbusho iko Kwihara, Tabora, na ilitunzwa kwa sababu Livingstone na Stanley walilala humo, 1871 na 1872. Udongo ni ule ule, fito ni zile zile. Nikipita Tabora huwa najiuliza iwapo Livingstone naye alikuwa akihamisha kigoda.

Lakini nisiwe mnafiki. Bibi mwenyewe anataka bati. Kila mara nikifika ananionyesha nyumba za majirani, bati la msauzi, jekundu, la buluu, na kunihesabia gharama. Anayeusifu udongo kwa picha na alale chini yake usiku mmoja wa Februari, mvua ikidondoka kwenye sufuria tatu. Picha haivuji. Kwa hiyo nimejilazimisha kulipenda bati pia, na si kwa shida sana. Bati jipya halipigiki mchana, linapofusha. Alfajiri, likiwa na umande, lina rangi ya maziwa. Bati la zamani lina ramani za kutu ambazo hakuna fundi wa rangi angeweza kuzichora.

Na bati kuukuu lina matundu ya misumari. Humu ndimo nilimopata somo kubwa kuliko yote. Ingia mchana katika jiko la bati kuukuu, funga mlango, usubiri macho yazoee. Juu ya sakafu kuna miduara ya mwanga, midogo, yote mviringo, hata ile iliyotoka kwenye tundu lililopasuka pembe tatu. Ile si alama ya tundu. Ni picha ya jua. Tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa na watu wakamiminika Rujewa kule Mbarali kulitazama likiwa pete, huku kwetu lilimegwa tu, na miduara ile sakafuni ikageuka vipande vya mwezi mwandamo, makumi kwa makumi, vyote vimeelekea upande mmoja. Watoto walijaribu kuviokota. Ibn al-Haytham wa Basra alikwisha kuyaandika mambo ya mwanga upitao tundu dogo na kuingia gizani karibu miaka elfu moja iliyopita, na neno kamera lenyewe asili yake ni Kilatini, maana yake chumba. Nilikuwa nimebeba begani chumba kidogo cha bei kubwa, nimeingia katika chumba kikubwa cha bure kinachofanya kazi ile ile.

Nje, msimu wa alizeti ukifika, vichwa vikishapigwa kwa fimbo, upepo wa Singida hufanya kazi ya pili. Mwanamke hunyanyua ungo juu ya bega, hutikisa, mbegu huanguka wima, makapi huondoka na upepo. Simama upande ambao jua litakuwa nyuma yake, na makapi yanawaka kama cheche. Lakini ukisimama hapo ujue na makapi unayala wewe, na kamera inakula vumbi. Nimepoteza lenzi moja kwa ubishi huo. Siku hizi huifunga kamera kwa kanga, naacha jicho lake tu, na watu husema nimembeba mtoto. Upepo una saa zake pia. Wapepetaji wanajua lini utakaza na lini utalegea, hivyo ninakaa nao. Wakinyanyuka, nami nanyanyuka.

Kamera nzuri kwa kazi hii ni ipi? Vijana huniuliza hivyo kila mara, na wengi wao simu zao zinapiga vizuri kuliko kamera niliyoanza nayo. Kifaa si shida. Shida ni kwamba ukiwa na simu unapiga ukiwa unatembea, na kuku waliojaa kwenye tenga pale kando ya barabara kuu, wakisubiri basi na wateja, hawana la kukuambia ukiwa unatembea. Kaa. Muuza kuku atakuambia anakotoka, atahamisha tenga kivulini, shingo moja itachomoza katikati ya fito, na hapo ndipo.

Oktoba iliyopita nilimpelekea bibi picha ya ule ukuta wa kusini wa nyumba yake, kubwa, ukubwa wa kurasa mbili za daftari. Nilikuwa na majivuno, nakiri. Vidole vyote vilikuwemo, hata vile vidogo vya karibu na mlango. Nikangoja aseme ni vya nani. Niliwaza ni vya mwanawe mmoja, labda aliyeko Dar es Salaam sasa, labda aliyekwisha kufariki. Nilikuwa nimekwisha kujiandalia hadithi nzima.

Bibi aliisogeza picha karibu, kisha mbali. Akaweka ukucha juu ya kona ya kulia, chini.

"Hiki nini?"

Nikainama. Ulikuwa mstari mwembamba, unatoka kwenye kizingiti kwenda juu, umejificha katikati ya mifereji ya vidole. Nilikuwa nimeutazama ukuta huo miaka mitatu na sikuuona.

"Ufa," nikasema.

Methali ya ufa na ukuta kila mtu anaijua. Bibi hakuitaja, aliitisha udongo. Mjukuu akakimbia kichuguuni na ndoo, mwingine akaleta maji kidogo kutoka kwenye dumu, akionywa asimwage. Bibi akakunja kanga, akapiga goti moja, akauponda udongo mpaka ukawa kama ugali uliokaza, akaanza kuuziba ufa kutoka chini. Jua lilikuwa limebakiza kama dakika kumi. Nikanyanyua kamera.

"Weka hiyo," akasema bila kugeuka, "ushike ndoo."