Kutofungamana si Kutoegemea: Tahakiki ya Visawe vya "Neutral" katika Kiswahili

Neno la Kiingereza "neutral" lina asili ya Kilatini "neuter", yaani si huyu wala yule kati ya wawili. Kiswahili hakina kisawe kimoja cha neno hili, na hilo si upungufu wa lugha. Katika kemia husemwa myeyusho usio asidi wala besi. Mwamuzi hutakiwa asipendelee. Mpatanishi hutakiwa asiegemee upande wowote. Kauli zote zimejengwa kwa ukanushi, lakini kinachokanushwa hutofautiana. Tatizo huzuka pale watafsiri wanapozichukulia kuwa zaweza kubadilishana nafasi bila hasara.

Tuchukue "kutofungamana" na "kutoegemea". Kitenzi "fungamana" hudokeza pande zilizoshikana kwa kifungo. "Egemea" hudokeza uzito ulioelekezwa mahali. Asiyefungwa aweza bado kuegemea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zisizofungamana na upande wowote, na mwaka 1970 Dar es Salaam iliandaa mkutano wa matayarisho ya kilele cha Lusaka. Hata hivyo, jiji hilohilo lilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963, na Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia. Mfasiri anayeiita sera hiyo "kutoegemea" anaifuta historia hiyo kwa neno moja.

Mkanganyiko huohuo umo katika dai kwamba Kiswahili ni lugha isiyoegemea kabila lolote. Dai hilo lina ukweli kwa wazungumzaji wengi wa bara. Lakini mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kimvita, chenye hazina kongwe ya ushairi, kikawekwa kando. Kwa mshairi wa Mvita, usanifu huo una upande. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba Kiswahili Sanifu hakifungamani na kabila moja, ingawa kinaegemea lahaja moja.

Kamusi zetu basi zisiishie kuorodhesha visawe vikitenganishwa kwa mkato. Kila kisawe kipewe mfano wa matumizi na uwanja wake, ili msomaji ajue kinachokanushwa ni kifungo, pendeleo au sifa.