Kidonge Bandia cha Maneno

Kupima dawa ya usingizi ni kazi nyepesi kuliko kupima tiba ya mazungumzo. Mwenye kidonge hutengeneza kingine kisicho na dawa, chenye rangi na umbo lile lile, kura ikapigwa, na si mgonjwa wala mtoa dawa anayejua nani kameza kipi. Anayetibiwa kwa maneno utampa nini? Ukimnyamazia, anajua hajapewa kitu. Ukikaa naye wiki kadhaa ukimsikiliza kwa upole, huenda upole wenyewe ukamletea usingizi, nawe ukaisifu tiba yako bure.

Jibu ninalolipenda zaidi ni la Jack Edinger na wenzake wa Durham, North Carolina, lililochapishwa mwaka 2001. Waliwachukua watu 75 wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, wakawagawa kwa kura katika makundi matatu: tiba ya fikra na tabia, mazoezi ya kulegeza misuli, na tiba ya uongo. Hiyo ya mwisho ilitungwa kwa ufundi. Mshiriki aliorodhesha mambo anayoyafanya akizinduka usiku, kama kufumbua macho au kutazama saa, kisha akafundishwa kuyaoanisha kichwani na picha za shughuli za kawaida tu, mathalani kusoma gazeti. Akapewa na zoezi la kufanya nyumbani. Mtaalamu alikuwepo, ratiba ilikuwepo, hata maelezo yake yaliingia akilini. Kilichokosekana ni tiba. Muda wa kukaa macho baada ya usingizi kumchukua mtu ulipungua kwa asilimia 54 kwa waliopata tiba halisi, 16 kwa waliolegeza misuli na 12 kwa waliopewa ya uongo.

Hiyo 12 isidharauliwe. Bila kundi la tatu, yote ingehesabiwa kuwa faida ya tiba.

Tiba halisi ina nini basi? Sehemu moja ni masharti ya Richard Bootzin ya mwaka 1972: usipande kitandani bila usingizi, na ukikawia kulala, inuka utoke. Nyingine ni hesabu ya Arthur Spielman, iliyochapishwa mwaka 1987. Kila asubuhi mgonjwa hujaza daftari: alipanda kitandani saa ngapi, alilala kwa muda gani, aliamka lini. Tuseme hupanda saa 3 usiku na kuondoka saa 12 asubuhi, lakini hulala saa tano na nusu tu. Gawanya muda wa usingizi kwa muda wa kitandani: ni asilimia 61. Spielman hamwongezei saa, anampunguzia! Atapanda saa 6 na nusu usiku na kuamka saa 12 ile ile. Asilimia ikishapanda hadi karibu 90, huongezewa dakika 15. Siku za mwanzo ni za kusinzia mchana, ndiyo maana dereva, mwendesha mitambo au mwenye kifafa hapaswi kuijaribu bila kusimamiwa na mtaalamu.

Mwaka 2012 Colin Espie na wenzake huko Uingereza waliipeleka tiba hii ya fikra na tabia mtandaoni kwa watu 164, mwalimu akiwa mhusika wa katuni. Ile tiba ya uongo waliifanyia marekebisho, wakaipitisha kwa katuni huyo huyo. Ufanisi wa usingizi, yaani ile asilimia ya usingizi kwa muda wa kitandani, ulipanda kwa asilimia 20 upande wa tiba halisi, na 6 kwa hiyo ya uongo. Huo ndio upimaji safi: chombo kimoja, muda mmoja, tofauti ikabaki kwenye yaliyomo.

Utafiti mkubwa wa Simon Kyle wa Oxford, uliotoka mwaka 2023, ulikwenda njia nyingine. Watu 642 kutoka zahanati za Uingereza walishiriki. Nusu walifundishwa hesabu ya Spielman na wauguzi wa kawaida, wote wakapewa kijitabu cha mawaidha ya kulala vizuri. Baada ya miezi sita, kwenye kipimo cha maswali 7 chenye alama 0 hadi 28, waliofundishwa na muuguzi walikuwa na wastani wa 10.9, na wenye kijitabu pekee 13.9. Kasoro yake naiona wazi: kila mmoja alijua yuko kundi gani, na kipimo kilitegemea kauli yake mwenyewe. Hata hivyo, swali lao lilikuwa kama muuguzi wa zahanati anaweza kuifanya kazi hii, na kwa swali hilo nauona utafiti huu unatosha.

Mwaka 2024 Furukawa na wenzake walijumlisha majaribio 241 ili kupambanua kiungo kipi hasa hufanya kazi. Hesabu ya Spielman na masharti ya Bootzin vilithibitika. Kulegeza misuli kulionekana huenda hata kunarudisha nyuma. Mawaidha ya usinywe kahawa jioni na zima simu hayakuonyesha uzito wowote wa maana.

Mawaidha hayo ndiyo yanayojaza kurasa za afya za magazeti yetu. Msomaji anayekesha miezi mitatu mfululizo akiyatekeleza bila nafuu, ajue anapewa kile tu walichopewa wa upande wa kulinganishia katika utafiti wa Oxford. Amuulize daktari wake habari ya daftari na hesabu.