Sala ya Mikono Mingi: Maonyesho ya Takashi Murakami Jijini Tokyo, 2015–2016

Utangulizi

Wahakiki wa sanaa wamezoea kuigawa kazi ya msanii katika pande mbili, fani na maudhui, kisha wakauliza kama pande hizo zimeoana. Swali hilo ni la lazima, lakini liko jingine ambalo aghalabu husahauliwa: kazi hiyo imetengenezwa kwa jasho la nani, na ikisha kukamilika huhesabiwa kuwa ya nani? Makala haya yanayachunguza maonyesho ya mchoraji wa Kijapani Takashi Murakami, yaliyofanyika katika Jumba la Sanaa la Mori, jijini Tokyo, kuanzia tarehe 31 Oktoba 2015 hadi tarehe 6 Machi 2016. Maonyesho hayo yaliitwa kwa jina la mchoro wake mkuu, Maarahati 500, nayo yalikuwa maonyesho makubwa ya kwanza ya msanii huyo peke yake nchini mwake tangu mwaka 2001. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mchoro huo ni sala ya kweli ya maombolezo, na kwamba ukweli wake hautokani na sifa ya msanii wala na utukufu wa dini, bali na mikono mingi iliyouchora. Hata hivyo kasoro yake kubwa iko mahali pale pale, katika namna mikono hiyo inavyomezwa na jina moja.

Msanii na Soko

Murakami alizaliwa Tokyo mwaka 1962. Alisomea Nihonga, yaani uchoraji wa jadi wa Kijapani, katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, na mwaka 1993 akatunukiwa shahada ya udaktari. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwa sababu wengi wanaomjua kwa maua yake yanayocheka na kwa kikaragosi chake kiitwacho DOB hudhani kwamba ni mchora katuni aliyepotea njia akaingia katika majumba ya sanaa. Ukweli ni kinyume cha hayo. Huyu ni mwanachuoni wa jadi aliyeingia katika katuni kwa makusudi.

Mwaka 2000 alitangaza nadharia aliyoiita Superflat, yaani ubapa uliokithiri. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, wachoraji wa Japani ya kale hawakushughulika na kina cha picha kama walivyofanya wenzao wa Ulaya. Walivitandaza vitu vyote juu ya uso mmoja, na jicho la mtazamaji likatembea juu ya uso huo bila kupata kituo. Ubapa uo huo ndio unaoonekana katika vibonzo na filamu za katuni za Japani ya leo. Tena nadharia haikuishia katika mistari na rangi. Inadai kwamba jamii yenyewe ya Kijapani, baada ya kushindwa vitani mwaka 1945 na kuzama katika utamaduni wa ununuzi, imekuwa bapa vile vile. Mpaka kati ya sanaa ya kitaalamu na sanaa pendwa, kati ya picha ya kutazamwa na bidhaa ya kununuliwa, umefutika.

Anayeufuta mpaka hana budi kuuvuka, na Murakami aliuvuka kwa miguu yote miwili. Mwaka 2001 aliunda kampuni yake, Kaikai Kiki. Mwaka 2003 aliipamba mikoba ya Louis Vuitton. Maonyesho yake ya Los Angeles ya mwaka 2007 yalikuwa na duka la mikoba hiyo ndani ya jumba lenyewe la makumbusho. Mwezi Mei 2008 sanamu yake moja iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 15. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wapinzani wake waliona kwamba sanaa inayojitembeza kiasi hicho imejihukumu yenyewe. Hoja yao si ya kupuuzwa. Sanaa ikisha kuwa bidhaa hupimwa kwa mizani ya bidhaa, na msanii aliyeufuta mpaka kati ya picha na duka hawezi kwa urahisi kuudai tena siku anapotaka kulia.

Siku hiyo ilifika.

Msiba na Maarahati

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi la kipimo cha 9.0 liliipiga Japani upande wa kaskazini-mashariki. Bahari ikapanda nchi kavu, zaidi ya watu 15,000 wakafa na maelfu wengine wasionekane tena, na mitambo ya nyuklia ya Fukushima ikaharibika. Murakami alilijibu janga hilo kwa kurejea kwenye imani ya kale. Katika dini ya Kibudha, arahati ni mfuasi wa Buddha aliyejikomboa kutoka katika minyororo ya tamaa. Mapokeo ya Asia ya Mashariki yanasimulia habari za maarahati mia tano, na nchini Japani watu waliwaomba watawa hao wazee wawaondolee mateso na misiba.

Mfano uliokuwa karibu zaidi na Murakami ni kazi ya Kano Kazunobu, mchoraji wa karne ya 19 aliyewachora maarahati mia tano katika picha 100 za kuning'inizwa kwa ajili ya hekalu la Zojoji, Tokyo. Kazunobu aliianza kazi hiyo mwaka 1854, na mwaka uliofuata mji huo, ambao wakati huo uliitwa Edo, ulibomolewa na tetemeko kubwa. Murakami aliongozwa pia na mwanahistoria wa sanaa Nobuo Tsuji, ambaye kitabu chake cha mwaka 1970 kiliwarudishia heshima wachoraji wa kale waliokuwa wakidharauliwa kwa vioja vyao. Wawili hao walijibizana katika jarida moja la sanaa, mzee akitoa mfano wa kale na mchoraji akijibu kwa picha mpya.

Matokeo yake ni mchoro wa mwaka 2012 wenye urefu wa mita 100 na kimo cha mita 3. Umegawanywa katika sehemu nne za mita 25 kila moja, zilizopewa majina ya wanyama wanaolinda pande nne za dunia: joka la buluu, chui milia mweupe, ndege mwekundu na kobe mweusi. Ulionyeshwa kwanza mjini Doha mwaka huo huo, kama shukrani kwa Qatar, iliyokuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuisaidia Japani baada ya janga. Wajapani waliuona nchini mwao katika maonyesho haya ya Mori, miaka mitatu baadaye.

Fani Inapokutana na Kilio

Hapa ndipo nadharia ya ubapa inapotiwa katika mizani. Katika mikoba na maua, ubapa ulikuwa wepesi: uso unaong'aa usioficha kitu nyuma yake. Katika mchoro huu ubapa uo huo umebeba mzigo. Picha ya mita 100 haitazamiki kwa mara moja. Mtazamaji analazimika kutembea, na kila hatua inamwacha mbele ya wazee wengine. Hakuna kitovu, wala arahati aliye mfalme wa wenzake. Wapo walio wakubwa kama majabali na walio wadogo wa kujaa kiganjani, lakini kila mmoja amepewa makunyanzi yake, meno yake, masikio yake marefu na mtazamo wake. Mtu anayetembea mbele ya halaiki hiyo hukumbuka, atake asitake, kwamba idadi ya waliokufa katika janga nayo ilikuwa idadi ya nyuso, kila uso na mwenyewe.

Tofauti na Kazunobu ni kubwa, na maonyesho yenyewe yalimsaidia mtazamaji kuiona, kwa kuwa baadhi ya picha za mchoraji huyo wa kale zilitundikwa humo. Kazunobu aliwachora maarahati wakiwa kazini: wanashuka jehanamu, wanawanusuru watu walioandamwa na maafa. Anayeteswa anaonekana, na mkono unaomwokoa unaonekana. Kwa Murakami waokoaji wamejaa ukuta mzima pamoja na wanyama wa visasili, lakini waokolewa ni kama hawamo. Mhakiki mkali anaweza kusema kwamba huku ni kulikwepa janga, kwamba msanii amechora dawa akaacha kuchora ugonjwa. Lakini upo usomaji mwingine ulio na nguvu zaidi. Nafasi ya mhitaji haikusahauliwa. Ameachiwa yule anayetembea chini ya picha, na mchoro haukamiliki mpaka apite hapo.

Mahali fani inapoteleza ni katika rangi. Rangi za Murakami hazijui kunyamaza. Zambarau, waridi na kijani vinapaza sauti kwa pamoja, na kuna sehemu ambapo kanzu ya mtawa inang'aa kama karatasi ya peremende. Katika vyumba vingine vya maonyesho, sanamu kubwa ya dhahabu na picha za duara za mapokeo ya Zen zilizopulizwa kwa rangi ya kopo ziliurudisha mng'ao wa duka. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: mng'ao huo hauwashindi wazee. Nyuso zao zilizochakaa zinaushinda, na ushindi huo ndio unaoupa mchoro hadhi yake.

Kazi ya Nani?

Mchoro wa ukubwa huo haukuweza kuwa kazi ya mtu mmoja. Murakami aliwakusanya wanafunzi zaidi ya 200 wa vyuo vya sanaa, nao wakafanya kazi kwa zamu, mchana na usiku, katika karakana yake. Sehemu kubwa ya picha ilitengenezwa kwa kupitisha rangi katika vitambaa vyembamba vilivyotayarishwa kwa chapa, tabaka juu ya tabaka. Maonyesho hayakuificha njia hiyo. Michoro ya awali na karatasi za maagizo zilizotumika karakanani ziliwekwa hadharani, na mtazamaji akaweza kufuata jinsi wazo la mtu mmoja lilivyopita katika mikono mia.

Kuna watakaoona kwamba jambo hili linaiharibu sala, kwa kuwa kilio hakiajiriwi. Historia inawajibu. Kazunobu alifariki mwaka 1863 kabla ya kuzimaliza picha zake 100, na zilizosalia zilimaliziwa na mkewe pamoja na wanafunzi wake. Katika karakana za kale za Japani bwana alichora na wanagenzi wakachora, na hakuna muumini wa Zojoji aliyeona kwamba sala yake imepungua thamani kwa sababu hiyo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Msiba wa nchi nzima, vivyo hivyo, haubebwi na bega moja. Vijana mia mbili wanaokesha wakiwapaka rangi watawa wazee wamefanya jambo lililo karibu zaidi na matanga kuliko ambavyo mchoraji mmoja, hata awe na kipawa gani, angeweza kufanya chumbani mwake.

Basi kasoro haiko katika wingi wa mikono. Iko katika hesabu inayofuata. Wanagenzi wa hekalu walichora kwa ajili ya mahali pa ibada ambapo wao na jamaa zao waliweza kuingia na kuomba. Wanagenzi wa leo huchora chini ya kampuni, na sifa, bei na haki za kazi hurudi kwenye jina moja. Murakami mwenyewe halijui jambo hili kwa mbali, kwani katika baadhi ya kazi zake za awali majina ya wasaidizi yaliandikwa nyuma ya turubai. Ni heshima, lakini ni heshima yenye mpaka, maana jina lililo nyuma ya turubai husomwa na ukuta. Msanii aliyetangaza kwamba sanaa ya juu na ya chini zimekuwa bapa hakufikia kulitandaza jina lake mwenyewe. Nadharia ya ubapa imeishia hapo inapoanza kugusa umiliki.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Safari ya mchoro huu ilikwenda kinyume. Wa mbali waliuona mwaka 2012, na wafiwa wakangoja hadi mwaka 2015. Hata ulipofika nyumbani haukupelekwa kwanza kwenye pwani iliyomezwa na bahari, bali kwenye ghorofa ya 53 ya jengo la biashara la Tokyo. Hayo si mambo ya pembeni. Ni sehemu ya maana ya kazi yenyewe, nayo yanaonyesha jinsi soko linavyoamua hata mahali pa kulilia.

Pamoja na hayo, swali lililoulizwa kuhusu msanii aliyeufuta mpaka kati ya picha na duka limepata jibu. Mchuuzi naye hufiwa. Anaweza kulia, na kilio chake kikawa cha kweli, ikiwa atakubali kisiwe chake peke yake. Murakami alikubali nusu. Aliwaita wengine walie pamoja naye, akaonyesha ukutani maagizo aliyowapa, lakini kilio kilipokwisha kikabaki na saini moja. Uhakiki wa sanaa ya zama hizi hauna budi kuitazama nusu hiyo iliyobaki, kwa sababu kadiri karakana zinavyokua na majina yanavyong'ara, ndivyo mikono inavyozidi kusahaulika. Wale wazee mia tano wenye nyuso mia tano wanalisema jambo hilo waziwazi kuliko maelezo yoyote: hakuna uso usio na mwenyewe, wala hakuna uso uliojichora.