"Rada ya Kupenya Ardhi": Uhakiki wa Istilahi kwa Kuzingatia Ardhi ya Kampala

1.0 Utangulizi

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo unazidisha haja ya istilahi za sayansi, kwani zitakazoingia darasani ndizo zitakazojenga fikra za wahandisi na wanajiolojia wa kesho. Makala hii inahakiki istilahi moja, rada ya kupenya ardhi, inayotaja chombo cha kuchunguzia miamba iliyo karibu na uso wa ardhi. Tunadai kuwa tafsiri hii sisisi inaahidi mengi kuliko yanayotendeka, na kwamba katika ardhi ya Kampala ahadi hiyo ina gharama.

2.0 Tatizo la "kupenya"

Antena ya rada hii hutuma pigo fupi la mawimbi ya sumakuumeme ardhini. Mawimbi yakikuta mpaka wa vitu viwili vyenye sifa tofauti za kiumeme, mathalani udongo na mwamba, au mwamba na ufa uliojaa maji, sehemu yake hurudi juu. Mtafiti husoma kile kilichorudi. Mawimbi yaliyopenya na kutokomea hayamwambii lolote.

Mjini Kampala, kupenya kwenyewe ni kwa mashaka. Vilele vya vilima vingi vimefunikwa na tabaka gumu la maramu, miteremko ina udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi, na mabondeni kuna vinamasi vya mafunjo. Mfinyanzi wenye unyevu hupitisha umeme, hivyo hufyonza mawimbi. Katika mchanga mkavu mawimbi yaweza kufika makumi ya mita. Katika mfinyanzi kama huu mara nyingi huishia mita moja au mbili. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba rada "inapenya" ataona kiwambo kimya chini ya kina hicho, naye atahitimisha kuwa hakuna mwamba wala ufa. Msingi wa jengo waweza kusimamishwa juu ya kosa hilo.

3.0 Tatizo la kina

Istilahi hii pia inaficha kwamba rada hupima muda. Mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 100 unatoka mita 7.5 chini ikiwa mawimbi yanasafiri mita 0.15 kwa nanosekunde, kama ilivyo katika mchanga mkavu. Katika mfinyanzi uliolowa, ambamo kasi ni takribani mita 0.06, mwangwi wa muda uleule unatoka mita 3. Asiyejua udongo wake hajui kina chake.

4.0 Pendekezo na hitimisho

Yaweza kujibiwa kwamba hata Kiingereza kinatumia jina lenye kasoro hiyohiyo, na kwamba istilahi hailazimiki kueleza kila kitu. Ni kweli, lakini kasoro ya mwenzio si hoja ya kuirithi, hasa pale lugha yako ina neno bora. Tunapendekeza rada ya mwangwi wa ardhi. Kila aliyewahi kupaza sauti mbele ya kilima anajua kwamba mwangwi huchelewa, hufifia na pengine haurudi kabisa. Na kwamba usiporudi, kilima hakijaondoka.