Kupima Kitabu cha Mwandishi Usiyemjua

Bandarini Liwatoni, Mombasa, mnunuzi mzoefu wa samaki haulizi jina la nahodha. Huinua shavu atazame wekundu wa matamvua, hulitazama jicho kama limejaa, kisha huubonyeza mnofu kwa kidole. Msomaji aliyesimama mbele ya vitabu vya waandishi asiowajua naye anahitaji alama zake za kutazama, kwa sababu jina kubwa humwambia tu kwamba wengine wameshanunua.

Tena jina huchelewa. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita, alifariki karibu na mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor, lakini diwani yake ilichapishwa mwaka 1940, karne nzima baadaye. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitoa *Paradise* mwaka 1994. Msomaji wa Kiswahili aliipata kama *Peponi* mwaka 2022, baada ya Tuzo ya Nobel ya 2021. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu, mshairi na muoka mikate, alisikika miaka mingi kwa kaseti na nakala za mkono. Anayengoja sifa ziwasili kwanza atasoma nyuma ya wakati siku zote. Basi zipo njia za kuzitangulia sifa hizo.

Anza katikati. Ukurasa wa kwanza umesuguliwa mara nyingi kuliko kurasa nyingine zote. Fungua penye theluthi ya pili, pale pumzi ya mwandishi inapoanza kukatika, usome ukurasa mmoja kwa sauti. Sentensi ikikulazimisha kurudi nyuma kutafuta mtendaji, iweke alama. Zikifika tatu katika ukurasa mmoja, kirudishe kitabu mahali pake.

Sikiliza watu wakizungumza. Ziba majina ya wahusika kwa kidole. Je, bado unajua nani anasema? Ikiwa mvuvi, wakili na nyanya wote wanahutubia kwa Kiswahili cha mtihani, mwandishi hajawasikiliza. Lahaja nayo ina mtego wake. Yupo anayemwaga *mato* (macho) na *ndia* (njia) kila mstari ili tujue tuko Mombasa. Aliye fundi huyaweka maneno hayo kinywani mwa mtu ambaye hangeweza kusema vingine, kisha humwacha karani wa bandari aseme kama karani wa bandari.

Mjaribu mwandishi kwa mahali unapopajua. Daraja linaloelea la Liwatoni lilianza kuvusha watu karibu na mwaka mpya wa 2021, nalo lilijengwa kwa waendao kwa miguu. Riwaya ikimvusha mtu hapo kwa gari, au ikimvusha kwa miguu katika miaka ya tisini, mwandishi ameandika kwa kusikia. Kosa moja la namna hiyo halikiui kitabu. Kinachokiua ni uvivu unaojirudia: kila mtaa una "harufu ya bahari", kila mzee ana "macho yenye hekima". Tafuta kitu ambacho mkaazi pekee angekitaja, na ambacho hadithi isingeweza kwenda bila hicho.

Kwenye ushairi, kagua kina. Kuhesabu mizani ni kazi nyepesi: katika tarbia ya kawaida mshororo una mizani kumi na sita, nane kila kipande. Hiyo hukuambia kwamba mtunzi anajua kuhesabu. Swali gumu ni hili: neno la mwisho limekuja kwa maana au limeitwa na kina? Libadilishe kwa neno la maana ileile lisilo na kina hicho. Ukiona hoja imepungua, mtunzi alilichagua. Ukiona hakuna kilichopotea, kina ndicho kilichotunga. Tazama na kibwagizo: kikirudi ubeti wa nne bila kuongeza uzito wowote juu ya ule wa kwanza, kimekuwa kizibo.

Jihadhari na kitabu kinachonukia darasa. Kwetu Kenya, ndoto ya kuteuliwa kuwa kitabu cha kutahiniwa imewapotosha wengi. Dalili zake ni majina yanayomhukumu mhusika kabla hajatenda, methali tatu ndani ya aya moja, na sura ya mwisho inayogawa adhabu. Hadithi nzuri humwacha mwovu na hoja inayokukera kwa sababu ina ukweli ndani yake.

Tofautisha kosa la chapa na kosa la mwandishi. Anayejichapishia mara nyingi hana mhariri. Herufi zilizoruka, jalada baya na karatasi nyembamba ni umaskini wa mfuko, visamehe. Mhusika anayebadilika umri bila sababu, au tukio kubwa linalosahauliwa baada ya kurasa kumi, ni umaskini wa kazi yenyewe.

Pima dibaji na tuzo. Dibaji inayosifu tabia ya mwandishi bila kutaja hata tukio moja la kitabu haina ushahidi wowote. Tuzo zina uzito zaidi pale zinaposoma miswada. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alijulikana kwa riwaya kupitia shindano la uandishi la miaka ya 1957–58. *Mzimu wa Watu wa Kale* ikakipa Kiswahili mpelelezi wake, Bwana Msa. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada isiyochapishwa. Orodha zake za walioteuliwa zinafaa kusomwa zote, kwani aliyekosa zawadi huenda alishindwa kwa ladha ya majaji wa mwaka huo.

Kitabu kikifaulu, kinunue kwa bei yake, usichukue nakala iliyorudufiwa. Kisha usimwambie rafiki yako kwamba ni kizuri sana, maana maneno hayo humfaa kila mtu. Mtajie jina la mwandishi, ukurasa na jambo lililokushika pale. Akikataa baada ya kuusoma ukurasa huo, mtakuwa na la kubishania, na mwandishi atakuwa amepata wasomaji wawili.